Karatasi Iliyoshonwa Ndani ya Koti: Raha, Imani na Maana ya Maisha (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulimfuata Mhubiri, yule mfalme wa Yerusalemu aliyejijengea nyumba, akapanda mizabibu, akachimba mabirika ya maji, akakusanya fedha na waimbaji, kisha akapiga hesabu na kuona kuwa yote ni ubatili. Msomaji anaweza kuuliza: je, hayo si maneno ya tajiri wa kale aliyekinai? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na ni rahisi kwake kudharau chakula ambacho wengine hawajakionja. Swali hilo ni la haki. Kwa hiyo leo namleta shahidi wa pili, ambaye hakuwa mfalme wala mchungaji. Ni mtu wa hesabu na vipimo, Blaise Pascal, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1623 katika mji wa Clermont. Wanafizikia hulitaja jina lake hadi leo kila wanapopima kanieneo, kwa maana kipimo chenyewe huitwa paskali.

Akiwa kijana wa miaka 19 alianza kuunda mashine ya kujumlisha na kutoa, ili ampunguzie baba yake kazi nzito ya hesabu za kodi. Baadaye, huko Paris, alizoeana na watu wa hali ya juu waliopenda mazungumzo na kamari. Mmoja wao, Chevalier de Méré, alimletea maswali ya mezani, likiwamo hili: mchezo ukikatizwa kabla ya kwisha, fedha zilizowekwa zigawanywe vipi kwa haki? Katika mwaka 1654 Pascal aliandikiana barua na Pierre de Fermat kuhusu jambo hilo, na kutokana na barua hizo ikaanza hisabati ya uwezekano, ambayo leo inatumiwa na kampuni za bima na hata zile za kubeti. Mwaka huohuo, usiku wa tarehe 23 Novemba, tangu saa nne na nusu hivi hadi saa sita na nusu, alipatwa na jambo ambalo hakulitangaza. Aliandika maneno machache kwenye karatasi. Akataja moto, akamtaja Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, akaitaja furaha tena na tena. Kisha akaishona ndani ya koti lake. Alipofariki mwaka 1662, mtumishi alipapasa kitambaa cha ndani, akahisi pamevimba, akafumua mshono na kuikuta. Alikuwa ameibeba kwa karibu miaka minane.

Mtu aliyeijua kamari kwa karibu kiasi hicho aliona nini ndani yake? Katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1670, baada ya kifo chake, Pascal anaeleza kuwa mcheza kamari hatafuti fedha tupu, kwani ukimpa fedha hizo bure na kumkataza kucheza, atanung'unika. Wala hatafuti mchezo mtupu, kwani ukimwambia acheze bila dau, atachoka upesi. Anachokitafuta ni shughuli ya kumzuia asibaki peke yake na nafsi yake. Mtazame kijana wa leo aliyesimama kituoni, simu mkononi, mkeka wake wa kubeti umebakiza mechi moja. Kwa dakika 90 hakumbuki kodi ya nyumba wala ugomvi aliouacha nyumbani. Filimbi ya mwisho inapulizwa. Akiwa ameliwa, anatafuta mkeka mwingine ili arudishe chake; akiwa ameshinda, anatafuta mwingine ili aongeze. Hapa ndipo hoja yangu ilipo: hata aliyeshinda hakutulia. Raha ilimsahaulisha swali la maisha yake ni ya nini, na ilipokwisha ikamwachia swali lilelile.

Sisemi kwamba raha ni dhambi. Yohana anatuambia kuwa ishara ya kwanza ya Yesu ilifanyika arusini, huko Kana, ambako maji yaliyojaa mabalasi sita ya mawe yaligeuka divai ili sherehe isiharibike. Naye Paulo alimwandikia Timotheo kwamba Mungu hutupa vitu vyote kwa ukarimu tuvifurahie. Kosa letu ni kuitwisha raha mzigo usio wake. Chumvi hukoleza chakula, lakini hakuna aliyewahi kushiba kwa chumvi. Na mwenye njaa anayelamba chumvi hatimaye hupata kiu juu ya njaa yake. Muziki, mapenzi, kinywaji na safari hukoleza maisha ambayo tayari yana kiini. Vikifanywa kiini, vitadai kipimo kikubwa zaidi kila siku, huku utamu ukizidi kupungua.

Wapo watakaojibu kwamba wanawajua watu wasio na dini ambao maisha yao yana maana tele: mwalimu anayewapenda wanafunzi wake, mama anayewalea wanawe kwa jasho, daktari asiyeamini anayekesha wodini. Hilo ni kweli, na Mkristo anayelikana hamtendei Mungu haki, kwa maana wema wowote una chanzo kwake. Lakini tuendelee kuuliza. Mwalimu anapostaafu, mwana anapotangulia kaburini kabla ya mzazi, mikono ya daktari inapoanza kutetemeka, maana ile itasimama juu ya nini? Kazi na watoto ni vipawa vinavyopita, na tukivifanya miungu tunavionea. Mtoto aliyezaliwa ili awe sababu pekee ya mzazi wake kuishi amebebeshwa mzigo ambao binadamu hauwezi. Imani humtua mzigo huo, ikaurudisha kwa Mungu asiyestaafu wala kufa, na hapo mtoto anaweza kupendwa kama mtoto.

Pingamizi la pili ni kali zaidi. Karl Marx aliifananisha dini na afyuni ya watu, na wengi husema imani nayo ni njia nyingine tu ya kujisahaulisha. Imani ya namna hiyo ipo, na tusiifiche. Ibada inaweza kugeuzwa burudani. Kipimo cha kuitofautisha na imani ya kweli ni kumtazama mtu inampeleka wapi. Kinachosahaulisha humwondoa mtu penye maumivu. Pascal alipelekwa kulekule. Mwaka 1662 alishiriki kuanzisha Paris magari ya farasi yaliyofuata njia maalumu kwa nauli nafuu, kama daladala zetu, naye akaomba apewe mapema fungu lake la mapato ili alipeleke kwa maskini wa Blois. Mwaka huohuo familia fukara aliyoihifadhi nyumbani kwake ikapatwa na ndui. Mtoto wao mmoja akaugua. Pascal, mwenyewe mgonjwa, hakukubali mtoto yule ahamishwe. Akahama yeye, akaenda kwa dada yake Gilberte, na huko akafa tarehe 19 Agosti, akiwa na miaka 39. Afyuni haimtoi mwenye nyumba kitandani mwake ili mtoto wa maskini alale.

Linabaki pingamizi ambalo Pascal mwenyewe angelileta: faida ya imani haithibitishi kuwa imani ni kweli. Nakubali. Maisha ya mtu mmoja si uthibitisho wa kihesabu, na hoja yangu leo imefika mahali padogo tu lakini imara. Raha huliahirisha swali. Vipawa vyema hulijibu kwa muda. Na yuko mtu mwenye akili kali aliyelikabili swali hilo katika ukimya wa usiku, akapata jibu lililostahimili ugonjwa, umaskini wa wengine na kifo chake. Jibu la namna hiyo linastahili kuchunguzwa kwa bidii, walau kwa bidii ileile tunayotumia kuchunguza mkeka wa Jumamosi. Namna ya kuanza uchunguzi huo, hasa kwa yule anayetamani kuamini na bado hawezi, ndiyo tutakayoitazama katika sehemu ya tatu.

Itaendelea.