Kushiba Bila Kunenepa: Mazungumzo juu ya Mboga na Matunda

Leo napenda kuwaelezeni jambo liwasumbualo watu wengi wa miji yetu, wake kwa waume, nalo ni namna ya kupunguza uzito wa mwili pasipo kushinda na njaa. Zamani, hapa pwani, mtu mnene alisifiwa, watu wakasema, "Huyu ana raha." Lakini waganga wa hospitali wametuonyesha kuwa mafuta yazidiyo mwilini huleta kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, tena huumiza magoti. Kwa hiyo neno hili ni la uhai, wala si la uzuri tu.

Wengi watakao kupungua huanza kwa kuacha kula. Siku ya kwanza huvumilia, ya pili huvumilia, ya tatu njaa huwashinda, wakala maradufu. Nia walikuwa nayo. Walichokosa ni maarifa ya chakula.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kipimo kiitwacho kalori. Kalori moja ya chakula ni joto litoshalo kuzidisha moto wa kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Sentigredi. Chakula tulacho huungua mwilini mithili ya kuni jikoni. Kikizidi kazi tuifanyayo, mwili hukiweka akiba, na akiba hiyo ndiyo mafuta. Gramu moja ya sukari au wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na maji hayana hata moja.

Basi hapo ndipo ilipo siri yenyewe. Tumbo halijui kuhesabu kalori; aghalabu husikia wingi na uzito wa kilichoingia. Na mboga nyingi ni maji na nyuzinyuzi. Katika gramu 100 za tango, gramu 95 hivi ni maji. Mtu hula, hutafuna, hushiba, na kalori alizopata ni chache.

Mwenye kalamu na aandike. Hesabu hizi ni takriban, kwa kila gramu 100 za kitu kibichi, kabla ya kutiwa kiungo chochote. Tango lina kalori 15, nyanya 18, mchicha 23, kabichi na biringani 25, boga 26, bamia 33. Katika matunda, tikiti maji lina 30, papai 43, chungwa 47, nanasi 50, embe 60. Ndizi mbivu hupanda hata 89, na parachichi hufika 160 kwa sababu ya mafuta yake. Haya mawili nayo ni mema, ila yataka kiasi.

Sasa tutazame sahani. Wali uliopikwa kwa maji matupu, gramu 400, una kalori kama 520. Upunguze uwe gramu 200, kisha pale palipobaki wazi jaza mchicha uliochemshwa gramu 200. Sahani ni ile ile kwa uzito, lakini kalori zake zimeshuka zikawa kama 300. Angalieni sana: mboga imeshika mahali pa wali. Mtu akila wali wake wote, kisha akaongeza mboga juu yake, hajapunguza kitu.

Lakini uko mtego, nao umo katika sufuria. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120. Mpishi akitia vijiko viwili katika mchicha ule, faida yote imekwisha. Tui zito la nazi ni vivyo hivyo. Maji ya dafu ni mepesi, yana kalori 19 hivi kwa gramu 100; nyama ya nazi kavu ya uzito huo huo hupita 350. Mti ni mmoja, hesabu ni mbali mbali.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 2004 Bibi Barbara Rolls na wenzake, wa chuo kikuu cha Pennsylvania State huko Marekani, waliwapa wanawake saladi kabla ya chakula. Waliokula saladi kubwa isiyo na mafuta mengi walipunguza kalori za mlo mzima kwa asilimia 12. Saladi kubwa iliyojaa mafuta na jibini iliwaongezea asilimia 17. Nasi tunayo kachumbari yetu: nyanya, tango, kitunguu, pilipili na ndimu. Iliwe kwanza, ndipo wali ufuate.

Matunda nayo yaliwe kwa kutafunwa. Yakikamuliwa, nyuzinyuzi hubaki katika chujio, sukari huingia katika bilauri, na machungwa manne hunywewa kwa dakika moja. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale mboga na matunda gramu 400 au zaidi kila siku.

Nina maonyo mawili. La kwanza, mboga na matunda peke yake hayatoshi. Mwili wahitaji pia maharage, kunde, samaki au mayai, usije ukadhoofika. La pili, mgonjwa wa kisukari atumiaye dawa, mwenye maradhi ya figo, na mama mja mzito, wasibadili chakula chao kabla ya kuuliza kwa mganga. Mwenye kisukari akipunguza wali ghafula, na dawa ikabaki ile ile, sukari ya damu yaweza kushuka ikamhatarisha.

Wala msiwe na haraka. Nusu kilo hata kilo moja kwa juma yatosha. Mwenda pole hajikwai. Unene uliingia kwa haba na haba, na kwa haba na haba utatoka. Kesho mwendapo sokoni, kapu lianze kwa mchicha, na chupa ya mafuta ikae muda mrefu zaidi kabla ya kwisha. Kwaherini.