Uchafu Wenye Tarehe: Namna ya Kulizeesha Behewa la Modeli

Behewa la mizigo la Marekani lenye urefu wa futi 40, yaani mita 12 na ushei, likishushwa hadi kipimo cha HO hubaki na sentimita 14. Kipimo hicho, moja kwa 87, ndicho kilichoenea zaidi kwa wapenzi wa reli za modeli nchini humo. Behewa hutoka kiwandani rangi yake imekolea sawasawa kila upande, herufi ni nyeupe pe, na magurudumu ni meusi ya plastiki. Lipige picha kwa karibu, na hakuna atakayeamini kwamba limewahi kubeba hata gunia moja. Ndiyo maana watu wazima huketi usiku na brashi, rangi za mafuta na unga wa chaki, wakikichafua kwa makusudi kitu walichokinunua kwa bei ghali.

Miongoni mwa walioifanya kazi hii iheshimike ni John Allen, mpiga picha wa Monterey, California. Reli yake ya modeli, Gorre & Daphetid, ilijaa mabehewa yaliyopauka na majengo yaliyochoka, wakati wenzake wengi walikuwa bado wanajivunia vitu vinavyong'aa. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza reli yake. Picha alizozipiga zimebaki, na hadi leo watu hujifunza kwazo.

Tatizo ni kwamba wengi walijifunza nusu. Waliona kutu, wakapaka kutu. Behewa likatapakaa rangi ya chungwa kuanzia paa hadi magurudumu, kama vile liliokotwa baharini. Kwa maoni yangu, behewa la namna hiyo linadanganya zaidi kuliko lile jipya la kiwandani, kwa sababu la kiwandani angalau linafanana na behewa la siku yake ya kwanza kazini. Hilo jingine halifanani na siku yoyote. Kila doa kwenye behewa halisi lina chanzo na lina mwaka wake, na kazi ya fundi ni kuyapaka madoa kwa mfuatano uleule ambao yalitokea.

Tuchukue mfano mmoja wa kubuni. Behewa lililofungwa la Pennsylvania Railroad, limejengwa mwaka 1952, nasi tunalitaka lionekane kama lilivyokuwa mwaka 1979.

Rangi yake ya asili ni nyekundu ya udongo, ambayo hutokana na oksidi ya chuma. Rangi hiyo yenyewe ni ndugu wa kutu, kwa hiyo jua halina mengi ya kuifanya. Nyekundu kali za mabehewa ya miaka ya baadaye hugeuka waridi, lakini hii hufifia tu na kuwa kama imefunikwa vumbi. Safu ya kwanza basi ni nyepesi: rangi ileile iliyochanganywa na nyeupe kidogo, ikazimuliwa sana na kupulizwa juu ya ubavu wote, herufi zikiwemo.

Herufi nazo zina tabia yake. Rangi nyeupe ya zamani ilikuwa inageuka unga polepole, na kila mvua iliponyesha ilibeba unga huo kuelekea chini. Matokeo yake ni michirizi hafifu ya weupe inayoning'inia chini ya kila herufi. Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu haivutii kama kutu. Mimi naiweka mbele ya kutu. Jicho lililozoea treni huitambua mara moja, na huigizwa kwa urahisi: doa dogo la rangi nyeupe ya mafuta kwenye herufi, kisha brashi bapa yenye unyevunyevu wa thina inavutwa kushuka chini. Daima chini. Mchirizi uliopinda hata kidogo huvunja kila kitu, maana maji hayajui njia nyingine.

Sasa tupande juu ya paa, ambako ndiko kwenye mambo. Mpaka miaka ya 1950 injini za mvuke zilikuwa bado zinamwaga masizi juu ya treni; Norfolk & Western, kampuni kubwa ya mwisho kushikilia mvuke, iliachana nao mwaka 1960. Anayetengeneza behewa la mwaka 1950 anahitaji paa jeusi la masizi. Letu la mwaka 1979 halihitaji. Tatizo lake ni jingine: paa nyingi zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki, na rangi haishiki vizuri juu ya zinki. Yeyote aliyewahi kupaka rangi bati jipya la nyumba bila kuliandaa anajua kitakachotokea baada ya misimu michache ya mvua. Rangi hubambuka vipande vipande, chini yake hutokea rangi ya fedha iliyofifia, na kutu huanza tu pale zinki ilipokwisha, hasa kwenye maungio. Fundi hufuata mfuatano huohuo. Hupaka kwanza kijivu cha zinki, hupuliza dawa ya kushikilia nywele, hufunika kwa rangi ya behewa, kisha huilowesha kwa maji na kuikwangua kwa brashi ngumu hadi vipande vitoke. Kutu huja mwisho, kwa nukta chache. Anayeanza na kutu na kumalizia na rangi ya fedha amegeuza historia.

Kuna kitu kingine ubavuni ambacho hupendeza sana kukitengeneza. Mwaka 1967 chama cha kampuni za reli za Marekani kiliagiza kila behewa libandikwe kibao cha mistari ya rangi, nyekundu, buluu, nyeupe na nyeusi, ili mashine kando ya njia isome namba ya behewa linapopita. Mfumo uliitwa KarTrak. Mwaka 1977 uliachwa, na miongoni mwa sababu ni kwamba vibao vilichafuka na kuharibika kiasi cha mashine kushindwa kuvisoma. Uchafu tunaouigiza kwa brashi ndio uliosaidia kuuangusha mfumo wa nchi nzima. Kwa hiyo behewa la mwaka 1979 lenye kibao safi ni kichekesho. Kibandike mapema, kabla ya tabaka za vumbi, na ukiache kizame ndani yake.

Kinyume chake ni alama zilizokuja baadaye. Pennsylvania iliungana na New York Central mwaka 1968 ikazaliwa Penn Central, nayo ikaingizwa ndani ya Conrail tarehe 1 Aprili 1976. Mabehewa yalikuwa mengi mno kupakwa upya yote, hivyo mengi yalifunikwa jina la zamani kwa kiraka cha rangi tu, yakaandikwa namba mpya juu yake. Kiraka hicho kinapaswa kuonekana kipya kuliko ubavu unaokizunguka: kikipakwa baada ya michirizi na vumbi kuu, kitapokea vumbi la miaka 3 peke yake. Halafu mwaka 1978 yalifanyika makaguzi ya aina fulani ya magurudumu yaliyokuwa yakipasuka, na behewa lisilo nayo liliwekwa doa la njano ndani ya mraba mweusi. Mwaka mmoja baadaye doa hilo bado linang'aa. Hubandikwa karibu mwisho kabisa wa kazi.

Magurudumu yanahitaji uamuzi. Beringi za zamani zilikuwa zinaoga mafuta, na mafuta hayo yaliruka kwenye uso wa gurudumu yakashika vumbi, hadi likawa na ukoko mweusi. Beringi za rola zimefungwa, hazivuji namna hiyo, kwa hiyo gurudumu lake hubaki kavu na kushika kutu ya kahawia. Kosa la kuyapaka yote rangi moja ya kutu huonekana hata kwenye modeli za watu wenye mikono mizuri kweli. Magurudumu hayohayo ndiyo yanayorusha maji na tope kwenye kuta za mbele na nyuma za behewa, yakiacha mabaka mawili yaliyosimama wima, kila moja juu ya reli yake.

Kuhusu zana sina mengi. Pampu ndogo ya kupulizia rangi husaidia lakini si lazima; wino mweusi uliozimuliwa kwa spiriti huingia kwenye mifereji na kuonyesha ribiti, na unga wa chaki hufaa kwa vumbi. Unga huo hufifia sana ukipuliziwa vanishi, basi weka mwingi kidogo kuliko unavyotaka. Na spiriti ikigusa baadhi ya vanishi zisizong'aa huacha ukungu mweupe. Wapo wanaolia kwa hilo, na wapo wanaolitumia makusudi kupausha rangi.

Kinachowashinda wengi ni hesabu. Katika kipimo cha HO, milimita 1 ni karibu sentimita 9 za behewa halisi. Nukta ya kutu ya milimita 2, inayoonekana ndogo mno mezani, ni baka la sentimita 17 lenye ukubwa wa mkono wa mtu mzima. Mchirizi wa kutu unaoaminika ni mwembamba kuliko uzi. Ndiyo maana picha ya behewa halisi iwe mbele yako muda wote, na brashi iwe ndogo kuliko unavyodhani inatosha.

Usiyazeeshe mabehewa yako yote kwa kiwango kimoja. Treni ya kweli huchanganya la miaka 30 na lililotoka kiwandani majuzi, na jipya moja katikati ya machakavu huyafanya machakavu yaaminike zaidi. Anza na behewa la bei nafuu, na lioshe kwanza kwa sabuni ya vyombo ili rangi ishike. Ukimaliza, futa ile sehemu ya gurudumu inayokanyaga reli hadi ing'ae: hata kwenye behewa lililochakaa kabisa, sehemu hiyo husuguliwa na reli kila siku. Tena rangi ikibaki pale huhamia kwenye reli za modeli, na injini yako, ambayo huchukua umeme humohumo, itaanza kusitasita.