Je, Wajua? Katuni ya Dakika 12 Yawaangusha Minyoo!

Je, wajua kuwa katuni ya dakika 12 tu inaweza kupambana na minyoo? Huko Linxiang, mkoani Hunan nchini China, watoto wa miaka 9 na 10 wa shule 38 walipewa dawa ya minyoo, kisha baadhi ya shule zikaoneshwa katuni ya miwani ya ajabu na kufanya mashindano ya kuchora. Mwaka wa masomo ulipoisha, maambukizi mapya kwa waliotazama katuni yalikuwa nusu ya wenzao! Na kunawa mikono baada ya choo? Asilimia 98.9 kwa 54.2. Hebu zisome tena hizo namba.

Umewahi kunawa kwenye kibuyu chirizi? Unakanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika, na mkono wako haugusi dumu wala bomba. Kilianzia Zimbabwe, na dumu moja dogo linanawisha darasa zima!

Sogea kidogo, hii inasisimua. Mwaka 1961 Norway ilianza kuwafundisha watoto wa shule kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama. Sanamu ya kujifunzia kubonyeza kifua na kupuliza hewa mdomoni ilitengenezwa na Asmund Lærdal wa Stavanger, na kazi yake ilikuwa nini? Kutengeneza midoli ya watoto! Sura ya sanamu hiyo nayo ni ya binti asiyejulikana jina, anayesemekana kuopolewa kutoka mto Seine mjini Paris katika karne ya 19.

Wajua kuwa minyoo ya kichocho hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha lolote? Konokono mdogo wa majini huwatoa kwa mamia kwa siku, na wakishaingia mwilini dume na jike huishi wamekumbatiana kwa miaka. Watoto wa shule Unguja wamejifunza haya kwa kitabu cha picha kiitwacho Juma na Kichocho.

Sasa twende New York. Daktari wa ubongo Olajide Williams aliamua kuwafundisha watoto dalili za kiharusi kwa muziki wa hip hop: uso kupinda, mkono kuishiwa nguvu, maneno kukwama. Saa 3 tu za masomo! Jaribio lilihusisha shule 22 na watoto 3,070. Na sikia hili: watoto 4 waliofundishwa walipiga simu ya dharura kwa kiharusi cha kweli. Mmoja wao alipiga ingawa mzazi alitaka wasubiri kwanza. Mtoto wa shule ya msingi, jamani!

Magharibi mwa Kenya je? Wasichana wa darasa la nane walipewa kipindi kimoja cha dakika 40 na kuoneshwa ni wanaume wa umri gani wana maambukizi mengi zaidi ya VVU. Jibu lilikuwa wale watu wazima, rika la masponsa wenye pesa. Katika mwaka uliofuata, mimba zilipungua kwa asilimia 28. Kipindi kimoja!

Usiondoke, ninayoipenda kuliko zote ni ya Uganda. Zaidi ya watoto 10,000 wa shule 120 walihusika katika jaribio la somo ambalo hata watu wazima wengi hatukulipata: kupima maneno ya watu kuhusu tiba. Waliofundishwa walipewa kitabu cha hadithi za picha. Ndani yake mvulana aitwaye John anaungua, na anashauriwa apake mavi ya ng'ombe. Hapo ndipo mtoto anapofundishwa kuuliza: umejuaje? Mlilinganisha na nini? Masomo yalikuwa 9, kila moja dakika 80. Kati ya waliofundishwa, asilimia 69 walifaulu mtihani; kati ya wasiofundishwa, 27 tu.

Unadhani baada ya mwaka walikuwa wamesahau? Walipimwa tena, na waliofaulu wakapanda hadi asilimia 80! Na kitabu chenyewe kimeshatafsiriwa kwa Kiswahili.