KUPIMA MATUMIZI YA ANTIBAYOTIKI KWA WAGONJWA WA KUHARA

Mkaguzi anapofika katika ghala la chama cha msingi hamwulizi karani kama kahawa ipo. Hufungua leja, huhesabu magunia, huweka machache juu ya mizani, kisha hulinganisha alichokiona na kilichoandikwa. Dawa za zahanati nazo ni mali ya wananchi, wala hakuna sababu ya kuzihesabu kwa ulegevu zaidi. Hata hivyo katika kamati za zahanati, ambamo baadhi ya makatibu wa vyama ni wajumbe, swali la antibayotiki aghalabu hujibiwa kwa maneno matupu: mmoja husema dawa hizo zinatolewa ovyo, mwingine husema hazitoshi, na kikao huahirishwa bila tarakimu hata moja kuwekwa mezani.

Antibayotiki ni dawa zinazoua bakteria au kuwazuia wasizaane. Amoksilini, doksisaiklini, kotrimoksazoli, metronidazoli na siprofloksasini zimo katika kundi hilo, na nyingine watu huziita kwa jepesi tu "rangi mbili". Kuhara kwa watoto wadogo, hata hivyo, mara nyingi huletwa na virusi, hasa virusi vya rota, ambavyo havidhuriki kwa dawa hizo. Kinachomwua mtoto ni kupungukiwa na maji na chumvi mwilini. Tiba yake ni ORS iliyokorogwa kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu ya pakiti, pamoja na zinki. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalipendekeza zinki itolewe miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, na miligramu 10 kwa mtoto asiyetimiza miezi 6. Antibayotiki ina nafasi yake pale kinyesi kinapokuwa na damu, pale kipindupindu kinapokuwa kikali, au pale mtoto anapokuwa na ugonjwa mwingine unaoihitaji, kama vile nimonia.

Wapo wanaodhani kwamba kumpa mtoto dhaifu dawa ya ziada ni tahadhari njema. Jambo hilo lilijaribiwa katika nchi saba, zikiwamo Kenya na Tanzania. Watoto zaidi ya 8,000 wenye kuhara kusiko na damu, waliopungukiwa maji au waliodhoofu kwa utapiamlo, waligawanywa: wengine walipewa azithromaisini kwa siku tatu, wengine kiigizo kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2021, nayo hayakuonyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo kwa kiasi cha kutegemewa.

Hasara ya kuitoa pasipo haja Tanzania inaifahamu tangu zamani. Kipindupindu kilipozuka mwishoni mwa mwaka 1977, tetrasaiklini ilitumiwa kwa wingi sana, si kwa wagonjwa peke yao bali hata kwa watu wazima wa afya kama kinga. Hapo mwanzo vijidudu viliuawa na dawa hiyo. Baada ya miezi mitano, asilimia 76 ya vijidudu vilivyopimwa vilikuwa sugu. Habari hiyo iliandikwa na Mhalu na wenzake mwaka 1979, na hadi leo hutajwa ulimwenguni kote pale usugu wa dawa unapozungumzwa. Yafaa kukumbuka kwamba ilijulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliopima mwanzo na wakapima tena baadaye.

Kipimo kilicho karibu zaidi na zahanati ni rejesta ya wagonjwa wa nje. Kinachotafutwa ni asilimia ya wagonjwa wa kuhara kusiko na damu waliopewa antibayotiki. Maneno hayo ni mepesi, lakini ugumu wote umo katika kujua nani ahesabiwe. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba rejesta ya mwaka inaonyesha wagonjwa 180 wa kuhara, na 117 kati yao walipewa antibayotiki. Mtu mwenye haraka ataandika asilimia 65. Lakini 24 walikuwa na damu katika kinyesi, na 6 walikuwa pia na nimonia. Hao 30 walistahili dawa na wote waliipata. Wakiondolewa juu na chini, hubaki 87 kati ya 150, yaani asilimia 58, na hiyo ndiyo hesabu ya haki. Mwingine atagawanya hao 87 kwa mahudhurio yote 3,000 ya mwaka, malaria na majeraha yakiwamo, apate chini ya asilimia 3, na kamati ipige makofi. Rejesta ni ile ile moja.

Si lazima kusoma kila mstari. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1993 juu ya kuchunguza matumizi ya dawa unashauri mahudhurio yasiyopungua 600 kwa uchunguzi wa eneo, mathalani vituo 20 na mahudhurio 30 kwa kila kituo. Kituo kimoja kikichunguzwa peke yake, yasipungue 100. Huchukuliwa kwa mpango maalumu, tuseme kila mgonjwa wa tano, na kwa mwaka mzima. Anayechukua mwezi mmoja wa masika hupata picha ya masika tu.

Hapa ndipo macho ya mkaguzi wa hesabu yanapokuwa na faida kuliko ya tabibu. Asilimia ndogo yaweza kuwa dalili ya utabibu mwema, lakini yaweza pia kuwa dalili ya stoo tupu. Katika mfano ule, kama rejesta huandika dawa iliyotolewa, na kadi za stoo zinaonyesha kwamba antibayotiki hazikuwapo kabisa Aprili na Mei, walipohudhuria 30 kati ya wale 150, basi dawa ilitolewa kwa 87 kati ya 120 waliofika ikiwapo. Hiyo ni asilimia 72 na nusu. Kwa hiyo rejesta isisomwe bila kadi ya stoo kando yake. Liko na jambo la pili, nalo ni la kibinadamu: watumishi wakijua kwamba wanahesabiwa, neno "damu" laweza kuongezeka ghafula katika rejesta. Uwiano wa kuhara damu ukipanda mara mbili katika robo mwaka, na zahanati za jirani hazina habari hiyo, mganga mkuu wa wilaya aulizwe kabla ya mtu yeyote kusifiwa.

Leja ya stoo peke yake nayo hupimwa kwa namna yake. Kila dawa imewekewa kipimo cha siku cha mtu mzima; cha amoksilini ya kumeza ni gramu 1.5 tangu mwaka 2019. Kopo la vidonge 1,000 vya miligramu 250 lina gramu 250, yaani vipimo vya siku 166 na ushei. Njia hii hufaa kulinganisha wilaya na wilaya au mwaka na mwaka. Kwa kuhara haifai sana, kwa kuwa leja haisemi dawa ilikwenda kwa ugonjwa gani, na kipimo cha mtu mzima hakimfai mtoto, ambaye ndiye aharaye zaidi.

Halafu kuna dawa zisizopita zahanati. Mama wengi hupitia dukani kwanza, na Tanzania ina maduka ya dawa muhimu yaliyoanzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini. Ili kuyapima, wachunguzi, kwa kibali cha mamlaka, humtuma mtu aeleze kwamba ana mtoto anayehara bila damu, kisha huandika alichouziwa na alichoshauriwa. Njia nyingine ni kumwuliza mgonjwa mwenyewe. Akiulizwa kama ametumia antibayotiki, wengi hujibu hapana kwa kutojua jina. Akionyeshwa vidonge vyenyewe juu ya meza, hukumbuka. Hata hivyo wako wanaoficha kwa kuogopa kukaripiwa. Nchini Bangladesh wataalamu walipopima kinyesi cha wagonjwa wa kipindupindu kwa mitambo ya maabara, dawa zilionekana kwa wagonjwa wengi zaidi kuliko wale waliosema kwamba wamezitumia. Kipimo hicho ni cha gharama na hakiwezi kufanywa kijijini, lakini chafundisha kwamba jibu la mdomo huwa chini ya ukweli.

Katibu anayetaka kazi hii ifanyike haanzi kwa kufungua rejesta, kwani ina siri za wagonjwa. Huwasilisha ombi katika kamati, na mganga mfawidhi hupata idhini ya wilaya. Anayenakili huandika umri, uwepo wa damu, ugonjwa mwingine na dawa zilizotolewa. Jina la mgonjwa haliandikwi. Safu mbili zaidi ziwekwe, moja ya ORS na moja ya zinki, maana zahanati iliyopunguza antibayotiki bila kutoa ORS imemwacha mtoto mikono mitupu. Karatasi hizo, pamoja na maelezo ya jinsi wagonjwa walivyochaguliwa, zihifadhiwe kwenye jalada la kamati, ili mwaka unaofuata miezi ile ile ihesabiwe kwa njia ile ile, hata kama katibu atakuwa mwingine.