Kompyuta inapokataa waifai

Baadhi yetu hapa Sibwesa tunatumia kompyuta mpakato za mtumba zenye Linux. Waifai ikigoma, tusikimbilie kwa fundi Mpanda mjini. Nauli peke yake ni fedha. Tutazame kwanza ubavuni na mbele ya kompyuta. Nyingi za zamani zina swichi ndogo ya kuzimia waifai, na hata mkoba huweza kuisogeza.

Kisha tufungue terminali, tuandike:

rfkill list

Likitokea "Soft blocked: yes", waifai imezimwa na programu. Tuandike:

sudo rfkill unblock wifi

Likitokea "Hard blocked: yes", ni swichi yenyewe, na amri hiyo haifui dafu. Isogezwe kwa kidole, au tubonyeze Fn pamoja na kitufe chenye picha ya mnara.

Ziko Lenovo IdeaPad zisizo na swichi kabisa, ila Linux za zamani hudhani ipo na imezimwa! Hizo dawa yake ni:

sudo modprobe -r ideapad_laptop

Kote kukiandikwa "no" na waifai bado imegoma, hapo fundi anahitajika.