Nani Anawaangalia Watoto Wetu? Tuijue Rejista ya Wakosaji wa Kingono

Wengi wetu hapa Kamenu tunaishi kwenye ploti. Mpangaji mmoja anahama leo, mwingine anaingia kesho, na hatujui ametoka wapi. Asubuhi tukienda kazini, watoto tunawaachia jirani au mwalimu wa tuisheni. Ndiyo maana wazazi huuliza: mtu aliyefungwa kwa kunajisi mtoto akihamia mtaani, serikali itatuambia?

Hapana, hakuna atakayekuja kukugongea mlango. Lakini sheria ipo, na ni vizuri tuijue.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Makosa ya Kingono ilipitishwa mwaka 2006. Aliyeupeleka mswada wake Bungeni ni Njoki Ndung'u, ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Katika kifungu cha 39 kuna mambo matatu yanayotuhusu:

1. Rejista. Msajili wa Mahakama Kuu huweka rejista ya watu waliohukumiwa kwa makosa haya. Mwenye sababu ya maana anaweza kuomba kuiangalia.

2. Uangalizi. Korti inaweza kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari ikiwa amerudia kosa, ametumia nguvu au vitisho, au amemkosea mtoto. Akiachiliwa kabla ya kumaliza kifungo, atakuwa chini ya uangalizi kwa muda uliobaki.

3. Kujitaja. Aliyewahi kuhukumiwa ni lazima aseme hivyo anapoomba kazi ya kutunza watoto, au anapojitolea kuwaangalia. Akificha, anaweza kufungwa miaka isiyopungua 3, au kutozwa faini isiyopungua shilingi 50,000, au yote mawili.

Tuangalie hilo neno "anapojitolea". Halihusu shule peke yake. Linamgusa mwalimu wa Sunday school, kocha wa mpira na anayefundisha watoto kwaya.

JE, ANAWEZA KUKATAZWA KUISHI KARIBU NA SHULE?

Sheria hii yetu haikuweka umbali wowote. Marekani majimbo mengi yaliweka. Kule Miami, walikatazwa kuishi chini ya futi 2,500 kutoka shuleni, yaani kama mita 760. Wengi walikosa nyumba kabisa, wakaishia kulala chini ya daraja la Julia Tuttle mpaka kambi hiyo ilipoondolewa mwaka 2010. Mtu asiye na makao ni vigumu kumfuatilia. Kwa hivyo tusidhani kumfukuza mtu kwenye ploti kunamaliza hatari. Kunaipeleka kwa mtoto wa mwingine. Na kumpiga au kumchomea nyumba ni kosa la jinai.

PENGO NI LETU

Rejista huandika aliyehukumiwa tu. Sasa, mtaani tunafanyaje? Kikao kinaitishwa, wazee wanaongea, pesa zinatolewa, eti tusiaibishe familia. Kesi imekufa hapo. Jina halijaandikwa popote. Mwezi ujao huyo mtu yuko Ruiru au Juja anatafuta kazi na watoto, na kisheria hana cha kutaja.

Uamuzi wa kuacha kesi kama hii si wa mzazi, si wa chifu, wala si wa pasta. Ni wa ofisi ya mashtaka ya serikali.

TUFANYE NINI?

- Mtoto akidhulumiwa, usimwogeshe wala usifue nguo zake. Zifunge kwa karatasi, usitumie mfuko wa plastiki.

- Mpeleke hospitali mara moja, kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi. Kwa sheria hiyo hiyo, matibabu katika hospitali ya serikali, kama Thika Level 5, ni bure.

- Ripoti polisi, upewe nambari ya OB na fomu ya P3. Ukikwama, piga 116, simu ya watoto, bila malipo.

- Kabla ya kumpa mtu kazi ya watoto, itisha cheti cha tabia njema, piga simu alikotoka, na umwandikishe kwa sahihi yake kama amewahi kuhukumiwa.

Jambo hili la mwisho linaanza kwetu. Kila kanisa na kila kikundi kinachokusanya watoto kiitishe sahihi hizo kwa wote wanaowahudumia, hata wale tuliowazoea miaka mingi.