Jina na Kirejelewa: Usimamizi wa Majina ya Vikoa katika Kompyuta za Wingu

Wanaisimu hutufundisha kwamba uhusiano wa jina na kirejelewa chake ni wa nasibu, unaodumu kwa makubaliano. Katika intaneti, makubaliano hayo huhifadhiwa na mfumo wa majina ya vikoa (DNS) uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983: mtumiaji hutaja jina, mfumo humrudishia anwani ya tarakimu.

Hapo awali seva iliweza kukaa na anwani moja kwa miaka, na msimamizi aliandika rekodi kwa mkono. Leo programu nyingi huendeshwa ndani ya kontena chini ya Kubernetes, mfumo uliotangazwa na Google mwaka 2014, ambao jina lake la Kigiriki lina maana ya nahodha. Humo, lango la huduma likifutwa na kuundwa upya huweza kupata anwani mpya. Rekodi ya kale ikisahauliwa, jina huelekeza kwa anwani ambayo huenda imekwisha kupewa mteja mwingine, naye akapokea wageni wasio wake.

Suluhisho mojawapo ni ExternalDNS. Programu hii husoma majina yaliyotangazwa katika huduma zenyewe, kisha huyaandika katika hifadhi ya majina, mathalani Amazon Route 53. Aidha, huongeza rekodi ya maandishi inayotambulisha zilizo zake, isije ikafuta za wengine. Hata hivyo, ikiruhusiwa kufuta, kosa dogo katika tangazo laweza kuondoa jina lililo hai. Kwa hiyo, msimamizi hana budi kuiwekea mipaka ya vikoa, na kuiruhusu kuongeza na kurekebisha tu hadi atakapojiridhisha kuwa matangazo yake ni sahihi.